Madini katika Lishe ya Kondoo: Tusigawe Chumvi kwa Kubahatisha

Katika nchi yetu mazungumzo juu ya mifugo huanza na ng'ombe, na aghalabu huishia hapo hapo. Kondoo hutajwa mwishoni, pamoja na mbuzi na kuku, kana kwamba mahitaji yake ni yale yale ya ng'ombe yaliyopunguzwa kwa kadiri ya uzito wake. Hata chumvi anayopewa mara nyingi ni masalio ya chumvi ya ng'ombe.

Makala hii inakusudia kuonyesha kwamba fikra hiyo ina makosa mawili. Kosa la kwanza ni kumchukulia kondoo kuwa ng'ombe mdogo. Kosa la pili ni kumchukulia mwanakondoo kuwa kondoo mdogo. Makosa hayo huwagharimu wafugaji wanyama wao, na mara nyingine huwaua wanyama ambao wangalikuwa hai kama wasingalipewa msaada wowote. Hata hivyo yanaweza kusahihishwa kwa elimu ambayo mwanafunzi wa sekondari anayo tayari katika masomo ya Kemia, Baiolojia na Kilimo. Mifano nitaitoa katika Mkoa wa Mara, hasa Nyakato mjini Musoma na wilaya jirani za Bunda na Butiama, kwa sababu mahali hapo pana kila kitu kinachohitajika ili kulieleza jambo hili: ziwa, mashamba ya mihogo na pamba, kondoo wa kufungwa kamba, na mbuga ya Serengeti upande wa mashariki.

Kondoo wa kamba na nyumbu wa mbugani

Tuanze na wanyama wasio na mfugaji. Wakati wa mvua makundi makubwa ya nyumbu huwa katika nyanda za nyasi fupi kusini-mashariki mwa Serengeti, na huko ndiko majike huzalia, hasa mwezi wa Februari. Udongo wa nyanda hizo umetokana na majivu ya volkano, na una madini mengi. Kiangazi kinapoingia, nyasi hukauka na maji huadimika, nao wanyama huelekea magharibi na kaskazini, upande wa Mkoa wa Mara.

Kwa muda mrefu ilidhaniwa kwamba nyumbu hufuata mvua na nyasi mbichi tu. Mwaka 1988, na tena mwaka 1990, mtaalamu S. J. McNaughton wa Chuo Kikuu cha Syracuse, Marekani, alichapisha matokeo ya uchunguzi wake katika jarida la Nature. Alionyesha kwamba nyasi za mahali wanyama wanapokusanyika zilikuwa na madini mengi zaidi, hasa sodiamu, fosforasi na magnesiamu, kuliko nyasi za mahali wanapokuwa wachache. Alionyesha pia kwamba malisho ya msimu wa mvua yanalingana na mahitaji ya majike wanaonyonyesha na ya ndama wanaokua. Kwa maneno mengine, jike mwenye mtoto huenda mahali penye madini yanayomfaa yeye na mtoto wake.

Sasa tumtazame kondoo wa Nyakato. Amefungwa kamba kando ya njia, au anazunguka kati ya nyumba na ufukwe wa ziwa. Hana safari ya kwenda kwenye udongo wa volkano. Anakula kile kilichoota ndani ya urefu wa kamba yake, na udongo wa hapo ukikosa kitu, naye hukikosa. Mfugaji anapomfunga kondoo kamba, anakuwa amejitwika kazi ambayo mnyama angaliifanya mwenyewe kwa miguu yake. Huo ndio msingi wa hoja yangu yote: anayemzuia mnyama kutafuta hana budi kumtafutia, na hawezi kumtafutia asichokijua.

Kondoo anahitaji nini, na kiasi gani

Madini yanayohitajika mwilini hugawanywa katika makundi mawili. Kundi la kwanza ni yale yanayohitajika kwa wingi na kupimwa kwa gramu: kalsiamu, fosforasi, sodiamu, klorini, potasiamu, magnesiamu na salfa. Kundi la pili ni madini haba, yanayopimwa kwa miligramu: chuma, shaba, zinki, manganizi, kobalti, iodini na seleniamu. Neno «haba» linahusu kipimo tu, kwani mnyama aliyekosa kobalti hufa sawasawa na aliyekosa fosforasi.

Baraza la Taifa la Utafiti la Marekani lilitoa mwaka 1985 toleo la sita la kitabu chake juu ya mahitaji ya kondoo, na mwaka 2007 likatoa kitabu kipya juu ya wanyama wadogo wanaocheua. Katika toleo la 1985, kila kilo moja ya chakula kikavu, yaani chakula kilichohesabiwa bila maji yake, hutakiwa kuwa na kalsiamu gramu 2.0 hadi 8.2, fosforasi gramu 1.6 hadi 3.8, magnesiamu gramu 1.2 hadi 1.8, na sodiamu gramu 0.9 hadi 1.8. Kwa madini haba, kilo hiyo moja hutakiwa kuwa na zinki miligramu 20 hadi 33, shaba miligramu 7 hadi 11, na kobalti miligramu 0.1 hadi 0.2.

Msomaji ataona mara moja kwamba kila tarakimu ina kikomo cha chini na cha juu. Wengi hudhani nafasi iliyopo katikati ni ya wataalamu kutokuwa na hakika. Sivyo. Nafasi hiyo inatokana zaidi na tofauti ya umri na hali ya mnyama. Kalsiamu gramu 2.0 humtosha kondoo mzima asiye na mimba wala mtoto, lakini gramu 8.2 ni za mwanakondoo wa kilo 10 anayekua kwa kasi. Huyu mdogo anahitaji chakula chenye kalsiamu mara nne ya chakula cha mkubwa. Kwa hiyo basi, mtu akiuliza «kondoo anahitaji kalsiamu kiasi gani?» ameuliza swali lisilo na jibu. Hapana budi aulize: kondoo yupi?

Mwanakondoo na mama yake

Karibu asilimia 99 ya kalsiamu ya mwili, na takriban asilimia 80 ya fosforasi, imo katika mifupa na meno. Kondoo mzima amekwisha kujenga mifupa yake. Anachohitaji ni kuitunza. Mwanakondoo anaijenga. Akikosa mojawapo ya madini hayo, mifupa yake hubaki laini, miguu hupinda, na mwili hudumaa.

Katika wiki za kwanza vifaa vya ujenzi huo hutoka katika maziwa. Kila lita ya maziwa ya kondoo ina takriban gramu 1.9 za kalsiamu na gramu 1.5 za fosforasi, ilhali maziwa ya ng'ombe yana kalsiamu gramu 1.2 hivi. Jike anayenyonyesha hutoa madini hayo kila siku, awe ameyapata katika malisho au hakuyapata. Asipoyapata, huyachota katika mifupa yake mwenyewe. Ndiyo maana jike huweza kukonda na kudhoofika huku mtoto wake akionekana ana afya, na mfugaji asijue kwamba deni linalipwa na mama. Mahitaji ya magnesiamu nayo hupanda vivyo hivyo: gramu 1.2 kwa anayekua, 1.5 kwa mwenye mimba kubwa, na 1.8 kwa aliyetoka kuzaa.

Umri hubadili pia uwezo wa tumbo kufyonza madini. Mwanakondoo anayenyonya hufyonza sehemu kubwa sana ya shaba iliyomo katika maziwa. Lakini mara tumbo kuu la kucheulia linapoanza kufanya kazi, salfa na molibdeni za malishoni huikamata shaba humo tumboni, na kiasi kinachofyonzwa hushuka aghalabu chini ya asilimia 10.

Zinki inatupa mfano mwingine. Mwaka 1969 Underwood na Somers walionyesha huko Australia kwamba madume wachanga walikua vema kwa chakula chenye zinki miligramu 17 katika kilo, lakini korodani zao hazikukua sawasawa mpaka walipopewa miligramu 32. Mfugaji angewatazama wanyama hao na kusema ni wazima. Upungufu wao ungaliweza kugunduliwa mwaka uliofuata tu, majike yakikosa mimba.

Hesabu ya ziwa

Katika nchi za kando ya Ziwa Viktoria, dini la kwanza la kushughulikia ni sodiamu. Nyasi nyingi za ukanda wetu wa joto zina sodiamu pungufu, na maji ya ziwa hayasaidii. Ziwa Viktoria ni ziwa la maji baridi, na lita moja ya maji yake ina takriban miligramu 10 tu za sodiamu.

Wanafunzi na waifanye hesabu hii. Kondoo wa kilo 30 hula kiasi cha kilo moja ya chakula kikavu kwa siku, kwa hiyo anahitaji sodiamu isiyopungua gramu 0.9. Akinywa lita 3 za maji ya ziwa, atapata gramu 0.03. Ili apate mahitaji yake yote katika maji hayo, ingempasa anywe lita 90 kwa siku, yaani mara tatu ya uzito wa mwili wake.

Kondoo hutoa mate lita nyingi kila siku, na mate hayo yana chumvi ya sodiamu inayopunguza ukali wa asidi tumboni. Sodiamu inapopungua, mwili hutumia potasiamu mahali pake, na mnyama huendelea kuishi kwa muda mrefu akiwa na njaa isiyoonekana. Dalili zake ni kulamba kuta, kulamba jasho la watu, kunywa mkojo wa wenzake na kutafuna udongo. Mambo haya watoto wengi wachungaji wameyaona, wakayacheka.

Dawa yake si ghali. Chumvi ya kawaida, iwe ya Uvinza au ya pwani, ina sodiamu karibu asilimia 39. Kwa hiyo gramu 5, yaani kijiko kimoja kidogo cha chai, humtosha kondoo mmoja kwa siku. Na kondoo 10 kwa siku 30 huhitaji kilo moja na nusu. Nashauri itumiwe chumvi yenye madini joto, yaani iodini. Katika Mkoa wa Mara muhogo ni chakula kikuu, na maganda yake hupewa mifugo. Sumu ya muhogo, hata inapokuwa kidogo isiyoua, hugeuzwa mwilini kuwa kitu kinachozuia tezi ya shingo kupata iodini. Jike mwenye upungufu huo huweza kuzaa mtoto dhaifu mwenye uvimbe shingoni, au mfu. Kondoo waliokosa chumvi kwa muda mrefu waanzishiwe kidogo kidogo, na maji yawepo ya kutosha.

Kuhusu magadi natoa tahadhari. Magadi ni chumvi ya sodiamu, na yamelambwa na mifugo ya Afrika Mashariki tangu zamani. Lakini baadhi ya magadi ya Bonde la Ufa yana floridi nyingi. Floridi hujikusanya katika mifupa, na huharibu meno wakati yakiwa yanaota. Kondoo mzima mwenye meno kamili huenda asionekane kuharibika meno. Mwanakondoo ataishi na meno mabovu maisha yake yote, na kondoo asiye na meno hawezi kula.

Pumba na mawe ya mkojo

Mijini, na hasa karibu na sikukuu, madume hununuliwa na kunenepeshwa kwa pumba za mahindi na mashudu ya pamba. Bunda na sehemu nyingine za mkoa hulima pamba, na vyakula hivi ni vizuri kwa nguvu na protini. Lakini vina fosforasi nyingi na kalsiamu kidogo sana, na katika pumba fosforasi huizidi kalsiamu mara kadhaa. Fosforasi iliyozidi hutoka katika mkojo, ikaungana na magnesiamu na kuwa mawe madogo. Jike huyapitisha. Dume ana njia nyembamba na ndefu ya mkojo, na mawe huikwamisha. Hujikamua, hulia, tumbo huvimba, na baada ya siku chache hufa, wiki moja kabla ya kuuzwa.

Hapa tunaona hatari ya kubahatisha. Mfugaji aliyesikia kwamba fosforasi hujenga mifupa, akamwongezea dume huyo majivu ya mifupa, amemharakishia kifo. Anayehitajiwa hapo ni kalsiamu. Kalsiamu katika chakula cha dume inafaa iwe karibu mara mbili ya fosforasi. Yaweza kupatikana katika chokaa ya mawe iliyosagwa bila kuchomwa, katika makombe yaliyosagwa kama yale ya vyakula vya kuku, na katika majani ya mikunde. Chumvi kidogo nayo husaidia, kwani humfanya mnyama anywe maji zaidi, na mkojo ukawa mwepesi.

Kwa majike wanaochungwa katika nyasi tupu mambo ni kinyume. Nyasi zilizokomaa na kukauka aghalabu zina fosforasi chini ya gramu 1.5 katika kilo, na kwao majivu meupe ya mifupa iliyochomwa kabisa yafaa sana, yakichanganywa sawa kwa sawa na chumvi. Lakini mifupa itoke machinjioni, katika nyama iliyokaguliwa. Mtu asiokote mifupa ya mizoga porini, hasa sehemu zinazopakana na hifadhi, kwa sababu ya hatari ya kimeta.

Shaba: dawa ya ng'ombe, sumu ya kondoo

Nimefika kwenye jambo linalonihangaisha kuliko yote. Katika maduka ya pembejeo huuzwa mawe ya kulamba na unga wa madini uliotengenezwa kwa ajili ya ng'ombe. Mingi ya michanganyiko hiyo imetiwa shaba. Ng'ombe huivumilia shaba hiyo. Kondoo hana uwezo mzuri wa kuitoa shaba mwilini kupitia nyongo. Humeza, na ini huweka akiba. Kitabu nilichokitaja hapo juu kinaweka mahitaji ya kondoo kuwa miligramu 7 hadi 11, na kikomo cha usalama miligramu 25 katika kilo ya chakula, pale molibdeni inapokuwa ya kawaida. Hapana dini jingine la kondoo ambalo haja na sumu vinakaribiana namna hii.

Haba na haba hujaza kibaba, na katika ini la kondoo kibaba hicho kikijaa hupasuka. Kwa miezi mnyama huonekana mzima. Kisha siku moja, pengine baada ya safari ya mnadani au mabadiliko ya chakula, ini huimwaga shaba katika damu. Chembe nyekundu huvunjika, macho na ufizi huwa manjano, mkojo huwa mwekundu uliokoza, na kondoo hufa kwa siku moja au mbili. Mwenye mifugo husema amerogewa, au huilaumu safari. Hafikirii jiwe alilomwekea kwa nia njema miezi sita iliyopita.

Wala haifai tukimbilie upande wa pili na kusema shaba haifai kabisa. Mwaka 1937 Bennetts na Chapman walionyesha, katika Australia Magharibi, kwamba wanakondoo waliozaliwa wakiyumba miguu ya nyuma walitokana na majike yaliyokosa shaba wakati wa mimba. Mwaka 1964 Hedger, Howard na Burdin waliripoti ugonjwa unaofanana sana na huo katika mbuzi na kondoo wa Kenya, jirani zetu. Mishipa ya fahamu ya mtoto ikikwisha kuharibika tumboni mwa mama, haitengenezeki. Basi dini hili moja huua likizidi na hulemaza likipungua, na macho matupu hayawezi kutuambia kundi letu liko upande upi. Vipimo vya ini au damu ndivyo viwezavyo kusema.

Fundisho la kobalti

Wapo watakaouliza: kama mnyama ana majani tele, kwa nini tujisumbue na miligramu? Swali hilo lilijibiwa mwaka 1935. Huko Australia kulikuwa na malisho mabichi ambamo kondoo walikonda na kufa huku majani yakiwafika magotini. Watafiti Marston na Lines upande wa kusini, na Underwood na Filmer upande wa magharibi, waligundua kwamba kilichokosekana kilikuwa kobalti. Kiasi kinachohitajika ni miligramu 0.1 tu kwa siku, yaani miligramu 37 hivi kwa mwaka mzima, uzito mdogo kuliko robo ya punje ya mahindi. Sababu ilikuja kufahamika vizuri mwaka 1948, vitamini B12 ilipopatikana na kuonekana kwamba ina kobalti ndani yake. Vijidudu vya tumbo la kucheulia ndivyo viitengenezavyo, na bila kobalti haviwezi.

Afrika Mashariki haikuwa nje ya habari hii. Katika udongo wa majivu ya volkano karibu na Nakuru ulijulikana ugonjwa wa kukonda kwa ng'ombe ambao ulipewa jina la mji huo, na baadaye ukahesabiwa miongoni mwa magonjwa ya upungufu wa kobalti. Na hapa pana onyo kwa wanaodhani udongo wa volkano ni tajiri kwa kila kitu: majivu ya Serengeti huwalisha nyumbu vizuri, ya Nakuru yaliwakondesha ng'ombe. Udongo wa miamba ya matale, kama ule wa sehemu nyingi za Musoma, una tabia zake, na udongo mweusi wa mbuga za Bunda una zake. Hatuwezi kuazima jibu la jirani.

Majira ya kutoa madini

Wenzangu wengine hupinga wakisema kwamba adui wa kondoo wetu ni njaa ya kiangazi na minyoo, na kwamba kuzungumza juu ya madini ni anasa. Pingamizi hili lina ukweli ndani yake. Kondoo asiye na protini hanenepi kwa kulamba fosforasi. Tena minyoo inyonyayo damu huleta weupe wa macho na udhaifu unaofanana sana na upungufu wa madini, na mtu atakayempa shaba kondoo mwenye minyoo atamwongezea ugonjwa wa pili. Minyoo ishughulikiwe kwanza.

Lakini ukweli huo hauondoi haja ya madini. Unatufundisha majira yake. Wafugaji wengi hukumbuka chumvi wakati wa kiangazi, mnyama anapodhoofika. Wakati huo hakui, na mahitaji yake ni madogo. Mvua zinaponyesha na majani yakachipua, nguvu na protini hupatikana. Wanakondoo huanza kukua, majike hutoa maziwa, na hapo ndipo madini huwa kipingamizi kinachobaki. Kwa hiyo jiwe la kulamba lina faida kubwa zaidi wakati wa masika, wakati ambapo mwenye mifugo haoni sababu ya kulinunua.

Nini kifanyike

Kwanza, madini ya kondoo yatengwe na ya ng'ombe. Kila mfuko na kila jiwe liandikwe kwa Kiswahili ni la mnyama gani, na lina shaba kiasi gani. Tunayo Sheria ya Maeneo ya Malisho na Rasilimali za Vyakula vya Mifugo ya mwaka 2010, na wasimamizi wake wana msingi wa kulidai jambo hili. Mpaka hapo, mwenye kondoo asiyeweza kusoma kilichoandikwa na abaki na chumvi tupu yenye madini joto. Chumvi hiyo haitamaliza kila upungufu, lakini haitamrundikia kondoo shaba.

Pili, tuwe na vipimo vyetu. Majedwali niliyosomeshwa ng'ambo yalihesabu majike ya kilo 50 hadi 90, walao nyasi za nchi za baridi. Kondoo wetu mwenye mkia mnene ana nusu ya uzito huo, na hula majani mengine. Taasisi ya Utafiti wa Mifugo, Chuo Kikuu cha Kilimo cha Sokoine, na Chuo Kikuu cha Kilimo na Teknolojia cha Mwalimu Julius K. Nyerere kilichopo Butiama, zinaweza kushirikiana kuchora ramani ya madini ya udongo, majani na maini ya machinjioni, kata kwa kata.

Tatu, na hili nawaambia walimu: kazi hiyo yaweza kuanzia shuleni. Shule yenye kondoo, au yenye majirani wenye kondoo, ichague wanakondoo 12 walioachishwa kunyonya. Wapewe wote dawa ya minyoo, kisha wagawanywe makundi mawili yenye uzito unaokaribiana. Malisho yawe mamoja. Kundi moja lipewe chumvi kwa kipimo, jingine lisipewe. Wapimwe kila baada ya wiki mbili kwa wiki 12, na wastani wa makundi ulinganishwe. Maabara nayo iwe na sehemu yake. Nyasi zilizokaushwa na kupimwa zichomwe mpaka ziwe majivu meupe. Majivu yayeyushwe katika asidi ya naitriki iliyozimuliwa, yachujwe, kisha yatiwe amonia molibdeti na kupashwa moto. Mashapo ya manjano huonyesha fosfeti. Wanafunzi walinganishe nyasi za masika na za kiangazi, za mchangani na za mbugani, kwa vipimo vilivyo sawa. Hawatapata tarakimu kamili, ila watajua wapi pana zaidi na wapi pana pungufu, na mtafiti akija atakuta wenyeji wenye maswali.

Ikiwa kundi lililopewa chumvi halitaongezeka kuliko jingine, hilo nalo ni jibu, na liandikwe. Mfugaji wa Nyakato atakuwa ameokoa fedha yake. Likiongezeka, atakuwa amejua bei ya kijiko kimoja cha chumvi na faida yake kwa kilo za nyama. Kwa njia yoyote kati ya hizo, mara ya kwanza atakuwa amepewa shauri lililotokana na kondoo wake mwenyewe, wa umri unaojulikana, katika udongo wake.